Kamba Mkononi mwa Mama

Kozi alijua kwamba anafichwa jambo pale alipoiona penseli ya mpenzi wake ikisita juu ya ramani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ofisi ya wapima ardhi ilikuwa imefungwa kwa wateja, nao wawili walikuwa wamejitwalia meza kubwa ya kuchorea iliyokaa karibu na dirisha. Ramani ya milima ya pwani ilitandazwa meza nzima, pembe zake zimekandamizwa na vikombe viwili vya chai, kibanio cha karatasi na simu ya Kozi. Milima yenyewe ilionekana dirishani, nyuma ya mapaa ya maghala: safu ya mawe meusi yaliyochongoka, nyayo zake baharini na vichwa vyake mawinguni. Mabaharia waliiita msumeno, na mtu yeyote aliyeitazama hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Kozi halikuwa jina alilopewa na wazazi. Lilitoka kwa wapakuzi wa bandarini, siku walipomwona mwanamke akipanda ngazi ya kreni kubwa, akajifungia kibandani kule juu kama kozi, yule ndege mwindaji, kwenye kiota, akaanza kuinua makontena mazito kana kwamba anapanga sahani kabatini. Jina likamganda. Na kutoka kule kibandani, kila alipokuwa akisubiri lori lijipange, macho yake yalikuwa yakienda kwenye mawe yale yale.

"Jioni ya kwanza tunafika hapa," alisema Mpima, akichora mstari mwembamba. Mwanamume huyu alikuwa mrefu, mpole wa maneno, mwenye viganja vikubwa na mwandiko mdogo kama wa mtu anayeogopa kupoteza karatasi. "Kuna bonde dogo lenye maji. Hema tunaliweka nyuma ya mwamba huu, upepo wa baharini usitusumbue."

"Vizuri. Na asubuhi?"

"Asubuhi tunaangalia hali ya hewa."

"Tukishaiangalia?"

Hapo ndipo penseli iliposita. Kisha ikakata kulia, mbali na bahari, ikafuata mgongo wa kilima kimoja kinyonge na kuanza kuteremka.

"Tunaweza kuzunguka huku nyuma," alisema bila kuinua uso. "Ni njia waliyotengeneza mbuzi. Mandhari yake ni nzuri sana."

Kozi aliweka kikombe chini taratibu.

"Mpima, sijafanya mazoezi miezi yote hii kwa ajili ya mandhari."

Wote wawili walijua njia ambayo penseli ilikuwa imeikwepa. Ni ule ukuta wa upande wa baharini, jabali lililosimama wima kutoka kwenye mawimbi hadi kileleni. Mwaka uliopita, jiwe lilivunjika chini ya mguu wa Kozi walipokuwa wamekaribia kuumaliza. Alianguka, akabembea, akagongwa na mwamba, na kifundo chake cha mguu kikapasuka kama bakuli. Aliyekuwa ameshika kamba siku ile ni Mpima. Ndiye aliyezuia anguko, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani.

"Nitazame," alisema Kozi.

Akamtazama. Na macho yale, ambayo Kozi alikuwa akiyakumbuka hata akiwa kazini na mzigo unaning'inia, yalikuwa na hatia kama ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mama yako alikuja hapa," alisema hatimaye. "Jumanne, baada ya kazi. Alikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia."

"Alitaka nini?"

"Aliniuliza kama bado nina nia ya kuleta posa. Nikamwambia hata kesho. Akasema hatasimama njiani. Mjomba wako akileta ukaidi, atamnyamazisha yeye mwenyewe. Ila..." Aliiweka penseli chini. "Ila nimwahidi kwamba hutaugusa tena ule ukuta. Nikakuzungushe popote nitakapo, nikurudishe nyumbani mzima, na usijue kwamba tumezungumza."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikakubali."

Chini ya dirisha mtu alikuwa akifungua mlango wa chuma wa duka, ukalalamika kwa sauti kubwa. Kozi alisubiri umalize.

"Kwa hiyo mlikaa hapa mkanipanga," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Mpima angependelea kelele. "Kama kontena. Nani anipokee, niteremshwe wapi, nisifunguliwe mpaka nifike."

"Kozi, nakupenda. Nilitaka ndoa yetu isianze kwa machozi ya mama yako."

"Ukaona afadhali ianze kwa uongo."

"Hukuwa wewe uliyeshika kamba siku ile." Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Nilihisi uzito wako ukiondoka, halafu ukarudi wote kwa mara moja. Nikakuita, hukuitika. Bado nasikia ule ukimya. Mama yako alipoketi pale akaniomba, nilichosikia ni mtu anayeniruhusu kuogopa."

Moyo wa Kozi ulimlainikia, akaukaza. Aliinuka, akaning'iniza begani begi lake lenye kamba ya kupandia.

"Ungeniambia unaogopa, ningekaa na wewe hapa mpaka hofu itutoke sote. Lakini umekwenda kuizungumza na mama yangu nyuma ya mgongo wangu." Akachukua simu yake, na pembe moja ya ramani ikajikunja. "Usinifuate."

* * *

Mama yake alikuwa jikoni akichambua mchele kwenye sinia, na mjomba amekaa karibu na friji akisoma gazeti. Mjomba alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kuuza bima ya maisha, kazi iliyomwachia tabia ya kuona kifo kila kona. Alikuwa hapandi kiti kubadilisha taa.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba," mjomba alijibu. "Mbona umevimba uso? Presha hiyo. Namjua mtu aliyevimba hivyo hivyo, jioni hatukuwa naye."

"Kaka, hebu nyamaza kidogo," alisema mama. Alikuwa amekwisha kuliona begi la kamba. Aliwahi kuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwanamke mnene, imara, mwenye mikono iliyoinua wagonjwa mara nyingi kuliko watu wengi walivyoinua ndoo za maji. Hakuhitaji kuambiwa mtu anaumwa wapi. "Amekwambia."

"Ameniambia. Mama, ulikwenda kumhonga Mpima kwa posa yangu?"

Sinia ilitulia.

"Lugha gani hiyo kwa mama yako?" mjomba alianza.

"Mwache," mama alisema. Alijifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti, akakaa. "Ndiyo, nilikwenda. Na ningekwenda tena. Mwanangu, nani alikuwa anakubeba kukupeleka bafuni ule mguu ulipokuwa kwenye plasta? Nani alikuwa anakukata kucha? Ulikuwa unalia ukidhani nimelala. Nilikuwa nimejilaza chini, pembeni ya kitanda chako, nakusikia, na nimeng'ata ncha ya shuka ili usinisikie mimi."

Kozi alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima. Akayaacha yote.

"Sikuwa nalia kwa maumivu," alisema.

"Ulikuwa unalia kwa nini?"

"Daktari alisema huenda nisiweze kupanda tena. Mlima wala ngazi ya kreni. Nilikuwa najiuliza nitakuwa nani."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila asubuhi uliniuliza kama nataka dawa. Hukuniuliza kitu kingine, na mimi sikujua pa kuanzia."

Mama aliitazama mikono yake. Mjomba alilikunja gazeti polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile hakumkumbuka marehemu yeyote.

Mlango uligongwa. Mpima alikuwa amesimama kizingitini, shati limemganda mgongoni, anahema kama mtu aliyekimbia kutoka ofisini, maana kweli alikuwa amekimbia.

"Nilisema usinifuate," Kozi alimwambia.

"Sikukufuata. Nimekuja kwa mama." Akavua kofia. "Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Ingia."

Hakuingia. Alisimama pale pale, kofia mikononi, akiizungusha kwa ukingo.

"Ile ahadi niliyokupa Jumanne, mama, nimekuja kuirudisha. Sikuwa na haki ya kuitoa, kwa sababu haikuwa yangu. Niliitoa kwa kuwa naogopa, na nikajifanya ni heshima kwako."

"Na posa?"

"Ukiikataa nitaumia sana. Halafu nitakuja tena kuomba. Utanichoka, mama, lakini nitakuja."

"Kwa hiyo umeuchagua mlima."

"Nimemchagua mwanao. Sijawahi kumjua bila mlima, na simjui huyo mwingine unayetaka nimwoe."

Kozi aligeukia dirisha. Hasira yake ilikuwa haijakwisha. Lakini alijua kwamba mwanamume huyu, ambaye alikuwa akitetemeka akizungumza na makarani wa benki, amesimama mbele ya mama yake na mjomba wake na kusema neno zima bila kulitafuna.

Mama yake alikuwa bado ameitazama mikono yake, na Kozi alipoitazama naye, mikono ile minene yenye vidole vifupi, akajua la kufanya.

"Mama," alisema, "vaa viatu vya kufunga kamba. Tunatoka."

"Tunakwenda wapi?"

"Unaogopa kitu ambacho hujawahi kukishika. Leo utakishika."

* * *

Klabu ya wapandaji ilikuwa imepewa ukuta mmoja wa ghala kuukuu la nafaka, umbali mfupi kutoka bandarini. Wanachama walikuwa wameupachika vishikizo vya rangi kutoka chini hadi juu. Kamba ilipanda, ikapita kwenye pete ya chuma iliyofungwa chini ya paa, ikashuka tena upande wa pili. Anayepanda hujifunga ncha moja. Nyingine hupita kwenye breki ndogo ya chuma kiunoni mwa anayemshikia.

Mjomba alikuwa amekuja pia. Alisema anakuja kama shahidi, akakaa kwenye benchi mbali kabisa na ukuta.

Kozi alimvika mama yake mkanda wa kiunoni, akakaza vifungo vya mapaja, akavijaribu kimoja kimoja. Mama alisimama kama mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji.

"Mkono huu wa kulia," Kozi alimweleza, "usiiachie kamba kamwe. Pua ikikuwasha, jikune kwa mkono wa kushoto. Nikipanda, unaivuta kamba iliyolegea. Nikianguka, unashusha mkono huu nyuma ya paja, basi. Kazi iliyobaki inafanywa na breki."

"Na ikikataa?"

"Mimi nipo nyuma yako, mama," Mpima alisema. Naye alikuwa ameishika kamba ile ile, hatua chache nyuma. "Ila sitafanya chochote. Ni wewe."

Walifanya mazoezi kwa muda mrefu, Kozi akipanda kidogo tu na kujiachia, tena na tena, mpaka mkono wa mama ulipoanza kushuka wenyewe bila kufikiri. Miaka ya wodini haikupotea bure. Alikuwa na utulivu ambao wapandaji wachanga huutafuta kwa miezi.

"Sasa kweli," alisema Kozi.

"Nimekushika," mama alijibu, kama alivyofundishwa.

Kozi akapanda. Ukuta ulikuwa na joto la jua na vumbi la ngano ya zamani. Kifundo chake kilimuuma kidogo, uchungu mdogo aliouzoea, kama jirani mwenye kelele. Alipita madirisha yaliyozibwa, akapita mstari wa rangi nyekundu ambao wanaojifunza hawauvuki, akafika karibu na pete. Aligeuza uso. Chini kabisa mama yake alikuwa ameinua kichwa, kidevu juu, mdomo wazi.

"Mama, naachia."

"Ngoja kwanza."

Alingoja. Aliiona midomo ya mama ikitembea, akajua ni dua.

"Haya," mama alisema.

Kozi akafungua vidole.

Hewa ilimpita masikioni, kisha kamba ikamdaka na kumweka hewani, taratibu kuliko alivyotarajia. Kule chini mama alikuwa amevutwa hadi kwenye ncha za viatu vyake. Mkono wa kulia ulikuwa nyuma ya paja. Benchi lilikuwa tupu, kwa kuwa mjomba alikuwa amesimama nyuma yake ameziba macho.

"Yuko hai?" mjomba aliuliza.

Hakujibiwa. Mama alikuwa anaitazama kamba, jinsi ilivyonyooka kutoka kiunoni mwake hadi paani na kurudi kwa mwanawe. Akaivuta kidogo, kama anayepima mapigo ya moyo. Kozi aliuhisi mvuto ule kifuani.

"Ndivyo alivyokuwa siku ile?" mama alimuuliza Mpima bila kugeuka. "Ulikuwa unamhisi hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Halafu hukumwachia."

"Sikumwachia."

Mama alimshusha binti yake polepole mno, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Miguu ya Kozi ilipogusa sakafu, mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, ile iliyonuka chuma na nailoni.

"Bado naogopa," alisema. "Usidhani umenitoa woga kwa mchezo huu."

"Najua."

"Lakini nilikuwa nadhani kule juu mko peke yenu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumshika mwenzake hivi." Akavuta pumzi. "Nendeni. Mimi sitalala mpaka mrudi, hilo msinikataze. Posa tutaipokea mkishateremka, na mjomba wako atavaa suti."

"Nitavaa," mjomba alisema, macho bado ameyaziba. "Mradi shughuli iwe chini. Nyumba isiwe ya ghorofa."

Kozi alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka, akaanza kuhangaika na vifungo vya mkanda, akamruhusu kaka yake amsaidie, wakaenda kukaa wote kwenye benchi wakigombana kuhusu rangi ya suti.

Akabaki Mpima. Alikuwa anaikusanya kamba iliyobaki sakafuni, akiikunja kwa uangalifu usiohitajika.

"Umenisamehe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja.

"Ukuta wa baharini siupandi na mtu ninayemkasirikia," alisema Kozi, "kwa hiyo fanya haraka unipoze. Na siupandi na mtu anayeogopa peke yake. Tangu nilipovunjika, umewahi kuanguka? Hata hapa mazoezini?"

Mikono yake ilisimama.

"Hapana," alikiri. "Huwa nashuka kabla sijachoka. Nikidhani sitaweza, nashuka."

"Nilikuwa naona. Nilidhani unanisubiri mguu upone." Alimsogelea, akaichukua ncha ya kamba mkononi mwake, akaipitisha kwenye mkanda aliouvaa Mpima, akaanza kumfungia fundo yeye mwenyewe. Walikuwa karibu kiasi kwamba aliisikia harufu ya jasho lake na ya wino wa ofisini, na akajizuia kuegemea. "Umenishika mara nyingi, Mpima. Hujawahi kuniacha nikushike."

"Kozi, mimi ni mzito."

"Nashusha makontena kila siku kwa mkono huu. Panda."

Kozi akaiweka breki kiunoni mwake, Mpima akapanda. Mwanzoni alipanda vizuri, miguu imetulia, mwili karibu na ukuta. Kisha mstari mwekundu ukafika, na mwendo ukabadilika. Akaanza kushika vishikizo kwa nguvu kupita kiasi. Kozi aliendelea kuivuta kamba iliyolegea. Alimwona akitazama chini mara moja, akitafuta njia ya kurudi, halafu akatazama juu. Akaendelea mpaka akaifikia pete.

"Achia," Kozi alimwambia.

Hakuachia. Mguu wake mmoja ulikuwa unatetemeka kama cherehani. Kwenye benchi mabishano ya suti yalikwisha ghafla.

"Siwezi," ilishuka sauti yake.

"Sawa. Sema unachoogopa."

Kisha akasema, paji la uso limegusa ukuta, na maneno yakateremka na mwangwi wa ghala:

"Naogopa kwamba siku ile ningekuwa mbele yako, jiwe lingevunjika kwangu. Nilikuacha utangulie."

"Hukuniacha. Niliomba mimi, na nitaomba tena." Kozi alisimama imara, miguu ameitanua, uzito wote tayari. "Ule ukuta nitautangulia mimi. Wewe utanifuata, na tukichoka tutabadilishana. Nataka kuolewa na mtu anayejua kuanguka, Mpima. Nitakuwa na wewe miaka mingi, na sitaki kukubeba ukiwa umejikunja hivyo."

Mama yake alitoa sauti ndogo, ikawa haieleweki kama ni kicheko au kilio.

Mpima akaondoa mkono mmoja ukutani. Akakaa hivyo. Kisha akaondoa wa pili.

Uzito wake ulimfikia Kozi wote kwa pamoja, ukamnyanyua kutoka sakafuni na kumweka chini tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa mahali pake. Juu kule mwanamume mrefu alikuwa ananing'inia, anazunguka polepole, mikono ameifungua, na machozi yakimwagika kwenye uso uliokuwa unacheka.

"Ijumaa alfajiri," alisema alipopata pumzi.

"Njia gani?"

"Ya baharini. Ukiwa mbele."

Kozi alimwacha aning'inie kidogo, apate kumtazama vizuri, kisha akaanza kumshusha.